Bado Yuko Juu

Mia tano mlangoni kwa Kileo, nyuma ya mashine ya kusaga,
na karanga za mia mbili.
Jumapili, saa nane na nusu. Kanisani nimeshakwenda,
kwa hiyo Mungu hanidai.
Nakaa benchi la tatu, penye nguzo,
mgongo wangu na ile nguzo tumezoeana.

Steringi haingii hivi hivi.
Kwanza kiatu. Halafu vumbi la kiatu.
Halafu upepo ambao haumgusi mtu mwingine mtaa mzima,
unampepea yeye tu, shati na nywele,
na miwani inashuka taratibu
kama mchuuzi asiyetaka kushusha bei.
Tunapiga makofi. Watu wazima, tunapiga makofi.
Mama Ndeshi, ambaye hajacheka tangu Januari,
anatia vidole viwili mdomoni, anapiga mluzi.

Adui ana jicho moja na koti la chui.
Ana samaki mkubwa ndani ya kioo,
na huyo samaki hajala.
Ndugu wawili walipoteana sokoni wangali wachanga,
mmoja kawa polisi, mmoja jambazi,
mama yao kapofuka kwa kulia.
Sisi tunajua. Wao hawajui.
"Ndugu yako huyo!" anafoka Shirima muuza betri,
"tazama kovu, mjinga wewe, kovu!"
Hatazami. Wanatwangana mpaka ukuta wa tatu.

Halafu, damu haijakauka, wimbo.
Binti yuko kwenye theluji na kitambaa cha manjano,
tumbo nje, hatetemeki.
Tunaishangaa theluji ya watu
na yetu iko nyuma ya bati hili hili,
ukitoka kukojoa unaiona, mawingu yakipenda.

Mwanangu Anaeli yuko chuo cha ufundi, Arusha.
Siku moja nilimleta. Gari likaruka mto,
likapita juu ya treni, likatua, likaendelea na safari.
Akaniinamia sikioni: Mama, haiwezekani.
Uzito, akasema. Mwendo.
Akanichorea kwa kidole kwenye goti lake.
Nikamwambia nyamaza, baba, najua.
Nani ajue uzito kunishinda?
Robota la mitumba ni kilo arobaini na tano.
Nimeyapokea Kiboriloni miaka kumi na tisa
na sijaona hata moja likasita hewani, likanifikiria.
Kila nilichowahi kukiachia kilianguka,
mume akiwemo.
Ndiyo maana nalipa mia tano.

Basi jana. Jengo linaungua.
Steringi kambeba mama yake begani,
nduguye (wameshajuana, tumeshalia,
nimeshajifuta kwa khanga) kamng'ang'ania mkono wa kushoto.
Ghorofa ya kumi na mbili. Kioo kinapasuka.
Anaruka,

umeme ukakatika.

Mashine ya kusaga nayo ikanyamaza.
Tukasubiri. Tukatukana shirika zima, kuanzia mkurugenzi hadi nguzo.
Kileo akaapa kwa marehemu baba yake
kwamba jenereta haina mafuta na hela hairudi.
Shirima akajitolea kutusimulia mwisho gizani,
ila anasimulia kama anavyouza,
haraka haraka, na huamini.
Nikatoka kabla hajafika chini.
Nilikuwa na ndizi za kumenya.

Leo Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kung'ata.
Robota la kwanza ni la makoti,
hakuna zito kama hilo.
Kijana juu ya lori anauliza: Mama Anaeli, tayari?
Mwisho wa picha siujui, wala sijamuuliza mtu.
Ninachojua ni kwamba kule juu kuna watu watatu, mmoja kipofu,
na hawajaanguka bado.

Nainamisha shingo.
Shusha, namwambia.